Mkono wa Upande wa Ndani

Mke mwenzangu, Mama Saitoti,

Umelala huko chini vizuri, kazi umeniachia mimi. Sitakusamehe haraka.

Mjukuu wako Nasieku, yule aliyekuwa akiziba pua akiona mavi ya ng'ombe, sasa anatengeneza nyumba za zamani huko Uingereza. Alinionyesha moja kwa simu. Ilijengwa kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Nguzo za mti mweusi zimepinda kama miguu ya mzee wetu, orofa ya juu imetokeza mbele inachungulia barabara, na kwa mbao hakuna msumari, ni vigingi vya mti tu. Katikati ya nguzo wamesuka fito. Juu ya fito, udongo, nyasi kavu na mavi ya ng'ombe.

Nikamwambia, "Nasieku, hiyo ni manyatta, nyumba kama yangu, imesimama kwa vidole vya miguu."

Alicheka mpaka akaangusha simu.

Kisha akanionyesha wanavyokandika. Mmoja ndani, mmoja nje, wanasukuma pahali pamoja ili udongo ukutane katikati, ushike fito.

Unakumbuka tukijenga nyumba yangu? Uso kwa uso hatukuwa tunaongea, wewe na kiburi chako, mimi na mdomo wangu. Lakini wewe ukiwa ndani na mimi nje, tulisema yote.

"Sukuma, ama umelala?"

"Sukuma wewe, na hiyo mikono ya bibi harusi."

Ni kwa huo ukuta nilikuambia juu ya mtoto wangu wa kwanza, yule hakupumua. Ulisukuma tu, pole pole, pale pale nilipokuwa nimeweka mkono.

Sasa Saitoti wako anataka nihamie kwake mjini Noonkopir, nyumba ya mawe. Kuta zake nimezigonga, ni baridi. Nimekataa. Lakini mvua imetoboa ukuta wangu wa nyuma, na nisipouziba kabla ya mvua ingine, atanibeba hata nikipiga kelele. Nguzo ziko sawa, fito ziko sawa. Nikakoroga udongo, nikaupiga kutoka nje. Ukapita, ukaanguka sakafuni ndani. Nikapiga tena, ukaanguka tena. Wake wa watoto wetu nao wanahurumia kucha zao.

Nasieku anasema akija Desemba ataingia ndani asukume. Sawa. Lakini huyo mtoto ana haraka, na ataongea tu yeye.

Kando ya hilo shimo, upande wa ndani, alama za vidole vyako bado ziko, hata ya kile kidole kilichopinda. Hapo hakuna mtu atapaka udongo mpya nikiwa hai. Jana nilizunguka nje, nikaweka kiganja chenye udongo pale pale, nikasema, "Sukuma, ama umelala?"

Nikangoja mpaka udongo ukanikaukia mkononi.

Haya, lala.

Mimi mke mwenzako,
Mama Lekishon