Nilitafuta Mguu Wako Ng'ambo ya Uwanja

Papa,

Mtoto wangu amelala chumbani kwa Mama. Na mimi niko na usingizi, lakini nikilala bila kukuandikia nitaamka na haya maneno kooni.

Tangu uondoke, Mama ananiuliza swali moja tu. Ananiuliza akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ananiuliza ndani ya tram tukirudi nyumbani Evere: "Baba yako anaanguka mbele yako, weye ulikuwa unaangalia nini?" Siku za matanga tantine, shangazi zangu, waliacha vyombo ili wasikie jibu. Nilibeba mtoto nikatoka nje.

Wao hawajui kazi yetu. Kwao foot américain, mpira wa Kimarekani, ni wanaume wanaogongana, na waamuzi ni punda milia wenye filimbi. Hawajui kwamba ulisimama pembeni ile, mimi pembeni hii, uwanja mzima kati yetu. Hawajui maneno uliyonirudilia mpaka nikachoka: "Usifuate mupira, binti yangu. Mupira iko na macho mingi. Weye linda kipande yako." Na mchezo ukikatika, mwamuzi wa pembeni aliye karibu anaweka mguu pale mpira ulipoishia, mwenzake wa ng'ambo anaweka wake sawasawa na huo, mwamuzi mkuu katikati anaona mstari mmoja.

Siku ile mchezaji aliangushwa upande wangu. Niliweka mguu. Nikainua macho kutafuta wako, na hapakuwa na mguu. Nilifikiri umekasirika, Papa. Nilifikiri nimekosea mahali. Nikausogeza mguu nyuma kidogo. Ndipo nikaona viatu vyako, vimelala.

Daktari alisema ni moyo. Alisema hata ningekimbia wakati uleule… Bon. Hilo Mama hataki kulisikia.

Dimanche, Jumapili iliyopita, nilirudi uwanjani. Mahali pako wamemweka Joris, kijana mpole, kila neno "madame". Lakini macho yake yanakimbia na mpira. Mpira ulikuja kwangu, naye akaja nao kwa macho, na huko nyuma, katika kipande chake, mchezaji akagongwa mgongoni akabaki chini. Hakuna aliyeona ni nani aliyemgonga. Mama wa mchezaji huyo alisimama kwenye viti, akatuuliza kwa Kifaransa, ninyi wote mlikuwa mnaangalia nini.

Swali lilelile, Papa.

Mchezaji aliinuka, lakini ilichukua muda. Wakati wa mapumziko nilimwambia Joris: "Nyuma yako hakuna mwingine wa kuangalia. Ni wewe." Akasema, "Oui, madame," akiangalia majani.

Jioni nilimjibu Mama. Nilimwambia nilikuwa naangalia kipande changu, kile ulichonipa. Ningekuangalia wewe, mtoto wa mwanamke mwingine angeweza kulala pale bila wa kumuona.

Mama akasema: "Donc, basi, alikufundisha kumuacha akufe peke yake."

Akanyoosha mikono, akanipokea mtoto, akaniambia niende kulala, uso wangu umekuwa kama wa mgonjwa.

Pumzika, Papa. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Dimanche nitasimama pembeni yangu, sitafuata mpira. Na nikiweka mguu, sitausogeza tena, hata kama ng'ambo hakuna wa kunijibu.

Binti yako, wa pembeni hii