Ruhusa ya Kwenda Chooni

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, milima ya Uluguru yote imefunikwa na mawingu, na kichwa changu nacho vivyo hivyo.

Zuhura wangu ana UTI tena. Mtoto wa miaka minne! Homa, mkojo unamchoma, analia akiona tu mlango wa choo. Dozi ya kwanza alimaliza vizuri, nikajua tumepona.

Sasa nimsikilize nani? Mama mkwe kanipigia simu kutoka Kinole, anasema ni sakafu yetu ya saruji, mtoto anakalia baridi. Jirani anasema choo cha shule. Chupi zake nachemsha, napiga pasi, namfundisha kujifuta kuelekea nyuma. Nimechoka jamani.

Leo zahanati, baada ya kupima mkojo, nesi aliniacha mimi akamgeukia Zuhura mwenyewe, akamuuliza: Ukibanwa shuleni unafanyaje?

"Nabana mpaka nyumbani," Zuhura akasema. "Sijui kuomba kwa Kiingereza."

Nilitamani ardhi inimeze.

Tumempeleka kwenye hizi shule mpya za kulipia, Kiingereza tupu. Anayeponyokwa na Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka saa ya kutoka. Kumbe mwanangu hata maji hanywi, asije akabanwa. Tembo anamjua kwa Kiingereza, kipepeo anamjua, wageni wakija baba yake anamsimamisha awaimbie. Choo hakuna aliyemfundisha.

Nesi anasema mkojo ukikaa sana wadudu wanazaliana, na ikijirudiarudia inaweza kufika kwenye figo. Figo! Tangu asubuhi neno hilo halinitoki.

Nimtoe? Shule ya serikali hapa mtaani watoto wanakaa chini. Na mimi nataka ajue Kiingereza, nisijifanye. Kazi ngapi nimezikosa mjini hapa kwa kujiumauma mbele ya mabosi wanaonisaili kwa Kiingereza? Baba Zuhura anasema mfundishe hiyo sentensi, yaishe. Nimemfundisha jioni hii. Kaitamka vizuri kabisa, halafu kaniuliza, "Mama, nikisahau?"



Namtoa, namwacha, bado sijui. Ila homa ikishuka nampeleka mwenyewe mpaka darasani, nimwambie mwalimu wake kwa Kiswahili changu: huyu akibanwa anatoka kwanza, ruhusa ataomba akirudi. Wakitaka mtu wa kumvisha kibao, shingo yangu hii hapa.