Dubu wa Tabaka

Karama, Dubai
5 Machi 2006

Kwa Baba mpendwa,

Hamjambo huko Tabaka? Goti la mama likoje? Mimi mzima, ila madam wa duka letu la vinyago amenichosha. Sasa anataka dubu wa Wainuit, wale watu wa kwenye barafu kule kaskazini mwa dunia. Wao pia huchonga jiwe laini kama letu, nami mdomo wangu ukaropoka kwamba baba yangu ni mchongaji. Picha hii hapa: dubu anacheza ngoma kwa mguu mmoja. Chonga mmoja wa kumwonyesha. Akimpenda, Desemba ananipa likizo. Miaka mitatu sijafika nyumbani, Baba! Ila chini ya unyayo usiandike jina. Madam atabandika karatasi kwamba ametoka barafuni.

Binti yako, Caren

Tabaka
2 Aprili 2006

Kwa binti yangu Caren,

Salamu nyingi. Goti la mama yako linauma mvua ikinyesha, na inanyesha kila siku.

Picha nimeiona. Aliyemchonga huyo dubu ni fundi hasa. Nimejaribu mara mbili na mguu umevunjika mara mbili. Lakini hilo la jina limeniudhi. Mtu huyo wa barafuni anakula kwa mikono yake kama mimi. Nimwibie? Tulikuta vikombe vyangu Nairobi vimebandikwa jina la mtu mwingine, na wewe ulilia kunishinda. Umesahau?

Baba yako

Karama
30 Aprili 2006

Baba,

Habari za huko. Za goti sitauliza leo, nimekasirika. Niliomba dubu, sikuomba mahubiri. Wenzangu wanaenda nyumbani na kurudi, mimi napangusa vumbi kwenye ngamia wa mbao. Unanitaka nyumbani au hunitaki? Rispah, tunayeishi naye chumba kimoja, yuko Kisii likizo na anarudi Juni. Mpe dubu. Chini pawe patupu, tafadhali.

Caren

Tabaka
11 Juni 2006

Caren (naona siku hizi si binti yangu),

Hatujambo. Nakutaka nyumbani hata kesho. Mama yako anatandika kitanda chako kila Jumamosi na hakuna anayekilalia.

Dubu huyo. Mama ndiye aliyemsugua kwa maji, maana hapa kusugua ni kazi ya wanawake, na msasa wake umekula kucha zote za dubu. Nimegomba nikachoka. Chini nimeandika jina langu na Tabaka. Msasa unaujua tangu utoto. Ukitaka kulifuta, futa mwenyewe, mimi mkono umekataa.

Baba yako

Karama
25 Juni 2006

Baba,

Goti la mama likoje? Mimi mzima wa mwili.

Madam alimpenda dubu mpaka alipomgeuza. Akaniletea kipande cha msasa. "Futa hiyo, yalla, haraka, halafu tuongee likizo." Nikatia maji kwenye beseni, nikakaa chini kama nilivyokuwa nikikaa na mama. Nilikuchukia, Baba, sikufichi. Lakini mkono wangu nao ukakataa. "Khalas, basi," akasema madam, "Desemba utafanya kazi."

Wewe na jina lako! Mwambie mama asitandike kitanda. Mwambie wewe, mimi siwezi.

Dubu nimemweka kando ya mto wangu. Kucha hana, na huo mguu wake mmoja haukukaa sawa, ameegemea ukuta. Wenzangu chumbani wanauliza kama ni kiboko. Nawaambia wamgeuze, wasome.

Binti yako, Caren