Gari la Kumpeleka Mama na Nguvu Ulizoliongezea

Łosie Górne,
karibu na Nowy Sącz,
4 Agosti 2019.

Mpendwa mdogo wangu Wiesiek,

Natumaini u mzima huko Norwe na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, ila Mama bado nampeleka mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hapo salamu zinatosha, maana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ulipokuja Juni ulipeleka gari langu kwa rafiki yako, akabadilisha programu ya injini ili liwe na nguvu zaidi. Kisha ukaondoka zako bila kuniambia neno.

Haikupita wiki mbili, milima ikaanza kulishinda. Nikikanyaga mafuta linavuta kidogo, halafu linalegea na taa ya injini inawaka. Nikilizima na kuliwasha tena, linakwenda vizuri kabisa! Siku moja lililegea nikilipita lori, Mama kando yangu, basi la abiria linatujia usoni. Hata sijui nilirudije nyuma ya lile lori.

Fundi Mieczysław aliniuliza, "Bogusia, gari hili limechezewa?"

"Alichezee nani? Hili la kumbeba mgonjwa!"

Nikaapa mbele ya watu, mjinga mimi. Basi akabadilisha chujio la dizeli, akabadilisha na kipima hewa ya injini, kumbe vya zamani vyote vilikuwa vizima.

Sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa madereva, tukapanga foleni magari yabarikiwe. Langu likaishiwa nguvu kwenye mlima wa kanisa, kijiji kizima nyuma yetu. Jirani Zenon akapaza sauti, "Padri, hilo usilinyunyizie, limwagie ndoo nzima!" Niliona aibu hadi machozi.

Kesho yake Mieczysław alipanda nami mlima ule, kompyuta mapajani. Akaona turbo inasukuma hewa kupita kiasi cha kiwandani. Mpira wa zamani unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka chini ya kibano. Gari likisimama ufa unajifunga, likipanda unaachama, na injini inajipunguzia nguvu isiharibike.

"Hili limeongezwa nguvu, Bogusia. Na wewe uliniapia!" Hapo nikakumbuka kwamba Juni ulilipeleka kwa rafiki yako.

Amerudisha programu ya kwanza na kuweka mpira mpya. Sasa linapanda. Ungesema mapema, angeupata ufa siku ya kwanza.

Jana nilimwambia Mama kwamba nakuandikia nikugombeze. Akaweka kijiko chini. "Mwache. Aliniambia siku ileile. Alitaka nisichoke njiani."

Alijua, Wiesiek! Hata siku ya lori alijua. Alishika rozari yake akanyamaza, nisije nikakukasirikia.

Msalimie mkeo Jolanta na mwanenu Tymon. Shangazi Genowefa anawakumbuka sana. Mungu awalinde kwenye barabara zenu za barafu.

Mimi usinipigie simu kwanza. Mpigie Mama, umwombe radhi kwa kumpa siri iliyokaribia kumuua.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Bogusia