Herufi Chini ya Tangi

9 Februari

Binti yangu mpendwa,

Natumaini waraka huu utakukuta salama, wewe na mapafu yako ambayo sijayaamini tangu utotoni mwako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu siku mbili nzima. Nilikuwa nikitafuta miwani, kumbe nimeivaa.

Umeniuliza habari za karabai mliyoletewa hapo makumbusho, kwa kuwa mkuu wako amekukabidhi kuiandikia kadi, na kadi hiyo ndiyo itakayoamua kama utaajiriwa au utarudi nyumbani. Kwa heshima zote, mwanangu, jambo hilo ni jepesi. Ipindue, utazame chini ya tangi. Kiwanda kiligonga herufi, kila mwaka na herufi yake. Hiyo uliyonichorea ni ya 1934. Nimezitengeneza taa hizi miaka thelathini na mmoja, herufi hainidanganyi.

Kuhusu kuiwasha: jaza mafuta ya taa robo tatu tu, kisha ufunge kifuko kipya cha kitambaa, kile kinachotoa mwanga. Washa spiriti katika kikombe chake, uiache iishe yenyewe. Mwenye haraka huambulia moshi na nyusi zilizoungua. Ndipo upige pampu, taratibu, mpaka ivume.

Samahani kwa urefu wa maneno.

Ni mimi,
Baba yako

21 Februari

Baba, shikamoo.

Goti linasemaje? Mimi mzima, na mapafu pia, usianze.

Taa imewaka! Ilipoanza kuvuma wenzangu walikimbilia mlangoni. Nikawaambia, "Tulieni, huyu nimekua naye nyumba moja."

Lakini nina neno. Taa si ya 1934. Tangi ndilo la 1934. Kichwa kina kigurudumu cha kusukumia sindano ya kuzibulia tundu la mafuta, na katika orodha ya zamani ya kiwanda kigurudumu hicho kinaanza 1949. Shingoni kuna mstari wa lehemu, umepigwa msasa ili usionekane. Kuna fundi alichukua tangi la taa moja akalipa kichwa cha nyingine. Na wewe, baba, ulifanya hivyo mara ngapi mbele ya macho yangu?

Mkuu alishaipenda 1934. Anataka kuwaambia wageni ndiyo kongwe kuliko zote. "Baba yako fundi mwenyewe kasema," akaniambia, "wewe nani?" Nimeandika miaka yote miwili, nikatia sahihi. Kadi iko mezani kwake.

Usinikasirikie.

Binti yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Karibu wiki nne bila neno. Jirani ameniambia kwa simu kwamba unakula, na kwamba kila siku unatoka na fimbo bila kuaga. Basi najua ni mimi. Mkuu ameikubali kadi na miaka yake miwili, nami nimeajiriwa, baba, lakini sijasherehekea. Nigombeze japo kidogo.

Mwanao

26 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Naomba radhi kwa ukimya, na zaidi kwa sababu yake. Nilikasirika siku tatu, sitakuficha. Marehemu mama yako alizoea kusema kwamba sikosei ila ninapofungua kinywa. Siku ya nne nilizitoa taa zangu sita kabatini, nikazichunguza shingo. Nne zina lehemu, na mbili kati ya hizo niliziunga kwa mkono wangu huu, kisha kwa miaka yote hiyo nikazitaja kwa mwaka wa tangi. Nilikuwa kama mtu anayekisia umri wa bwana kwa kutazama viatu vyake.

Baada ya hapo nilianza ziara. Nimewaendea wote ambao taa zao nilizipa mwaka usio wake, nyumba kwa nyumba, goti likilalamika. Wa mwisho alikuwa yule karani mstaafu wa posta, ambaye kwa miaka kumi amejisifu kwa karabai ya 1928. Alinuna.

"Sasa mzee, nani kakwambia haya?"

"Mtaalamu wa makumbusho," nikajibu.

"Mtaalamu gani huyo wa kumsahihisha fundi kama wewe?"

Nilikohoa kwanza, maana nilitaka asikie vizuri. "Ni binti yangu."

Tafadhali, ikiwa si usumbufu, nitumie nakala ya ile kadi, na sahihi yako isomeke. Karani hasadiki. Yuko hapa mlangoni na taa yake kwapani, anauliza utakuja lini kuipima.

Ni mimi,
Baba wa mtaalamu