Kitana cha Shangtou

Deqing, 3 Machi 2019

Mwanangu Yunqiao,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo, ila kifua kinabana, na masikio ndiyo hayo, simu siisikii. Shangazi yako kaniambia umepata mchumba, kijana wa Henan aitwaye Peng. Mwenyewe hukusema. Haya, kumbe wakati wa shangtou umefika. Njoo kwanza nikushughulikie hicho kichwa, kabla hujaenda kwake. Usichelewe, hali yangu siielewi.

Mama yako

Dongguan, 20 Machi 2019

Mama,

Shikamoo. Natumai kifua kimepata nafuu. Barua yako imeniumiza. Shangtou! Hapa kiwandani tunamwambia hivyo mlevi, au msichana ambaye mapenzi yamempanda kichwani hadi akili zikamruka. Basi mimi ndiye huyo, wa kushughulikiwa kichwa? Tumeshaandikisha ndoa. Siji.

Binti yako

Deqing, 2 Aprili 2019

Mwanangu,

U hali gani, na mkwe wangu je? Kikohozi hakiniachi. Nimecheka mpaka kikanishika upya, kisha nikalia. Nani kakutukana? Shangtou ni kumchana bibi harusi na kumfunga nywele juu, siku moja kabla ya harusi. Bibi yako alinifanyia kwa kitana hiki hiki nilicho nacho. Ninyi mmelichukua neno letu mkalipeleka kwenye pombe. Lakini kosa ni langu, uliondoka nyumbani una miaka kumi na tano, sikuwahi kukueleza. Ndoa ya karatasi haidhuru, njoo tu. Kuna maneno husemwa kitana kikishuka, ya ukoo wetu. Hayaandikwi, nitakufundisha ukija.

Mama yako

Dongguan, 9 Julai 2019

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ilikaa miezi mitatu chini ya godoro, nilidhani ni matusi mengine. Leo ndiyo nimeifungua. Nakuja Jumamosi na Peng. Nywele sijazikata. Nisubiri.

Binti yako

Deqing, 14 Julai 2019

Mama,

Safari hii sikuulizi hali. Tumefika jana, tukakuta barua yangu mezani, haijafunguliwa. Shangazi anasema ulituacha Alhamisi, na kitana kilikuwa chini ya mto wako.

Wanawake walipomaliza kukuosha niliwaomba waniachie nywele. Peng alinishikia beseni, huku analia kunishinda. Nimekuchana, nikakufunga juu. Niliwauliza yale maneno. Kila mmoja anayo ya mama yake, ya kwetu hakuna ayajuaye. Basi nimekuchana kimya.

Binti yako