Usitume Samaki Kwanza

Kigoma

Kaka yangu Hamadi,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na miguu? Na shemeji, ameshajifungua au bado anatuweka roho juu? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na nakuambia mapema kabla hujashuka baharini: usitume samaki kwanza. Hata ukipata simu ya maandishi yenye jina langu, usitume.

Unajua bosi wangu anauza nje samaki wa rangi wa ziwa hili. Sasa anataka na wa bahari, ndiyo maana akakuagiza wewe. Tumejenga tangi la vioo, tukakoroga maji na chumvi ya bahari iliyoletwa kwa magunia. Lakini maji mapya, kaka, yanaua. Uchafu wa samaki humgeukia mwenyewe sumu mpaka maji yaote vijidudu vya kuula, na vijidudu hivyo havioti bila kulishwa uozo. Wengine hutia samaki wa bei rahisi wateseke humo hadi maji yakomae. Bosi alikataa. Alisema tutie dagaa waliokufa, tusubiri. Nilimpenda kwa neno lile.

Dagaa naletewa na Konsolata, Mrundi aliyevuka ziwa na mwanawe. Hufagia vipande vinavyobaki mchangani Kibirizi wachuuzi wakishaanua. Wakimbizi wanatakiwa wakae kambini, lakini yeye amejibanza hapa mjini, mtaa wa Rusimbi, kwa sababu mumewe alimwambia, tukipotezana nitafute bandarini. Kila boti ya ng'ambo ikitia nanga, yupo pale.

Balaa limeanzia kwa mlinzi wetu, Mzee Yohana wa Ilagala. Kila asubuhi ananiona nikitupa chakula kwenye tangi lisilo na samaki, na maji yananuka.

"Wewe mtu wa pwani, unamlisha nani humo?"

"Nayalisha maji, mzee."

"Maji hayana mdomo. Nitajie jina lake."

Ningenyamaza ingekuwa nafuu. Nikamweleza kwamba wamo wadudu wasioonekana, na hapo nikajimaliza mwenyewe. Kufika adhuhuri Kibirizi nzima ilijua kwamba mkimbizi amekuja na jini na mtu wa pwani analifuga. Sisi wa pwani na majini, unajua tunavyosemwa.

Konsolata aliposikia alicheka kidogo. "Ego, ndiyo, nilivuka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Jini ningelibeba wapi?" Kisha akakaa chini akalia. Nilimwonea uchungu, na nilijichukia kwa mdomo wangu.

Jana watu walijaa getini. Bosi, yule yule aliyenifundisha kusubiri, akaingiwa na hofu. Akawatangazia kwamba samaki wa bahari wataletwa na kutiwa mbele ya watu wote. Wakiishi, hakuna jini. Wakifa, Konsolata anakabidhiwa polisi arudishwe kambini. Watu wakapiga makofi. Nikamvuta pembeni, nikamwambia dawa ya kupimia sumu bado inageuza maji kijani, hakuna samaki atakayepona humo.

"Najua, Salumu," akasema. "Lakini hawa hawangoji vijidudu vyako."

Simu imeshatumwa, na imebeba jina langu kwa kuwa bosi anajua mimi utaniamini. Barua hii nampa mfanyakazi wa treni akuletee mkononi. Kama una samaki ndooni, warudishe majini. Sema bahari imechafuka, sema chombo kimetoboka, lawama nitabeba mimi. Na kama umeshawapakia, basi omba pamoja nami treni ikwame njiani, kama ilivyo desturi yake. Dawa ikigeuka njano nitakuandikia mwenyewe, na hapo tuma hata kesho yake.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu mwuza vitumbua, na babu msikitini. Mama mwambie aniombee dua, asiulize ya nini.

Leo Konsolata ameniuliza kama dagaa wa kesho alete au aache. Mlinzi alikuwa amesimama pale pale anatusikiliza. Nimemwambia alete.

Mdogo wako,
Salumu